Mguu Ni Wangu, Wifi

Hospitalini, Kampala
13 Mei 2025

Wifi yangu Zuleika,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe, na wote hapo Mombasa hawajambo? Goti lako linaelewana na ngazi za nyumba yenu, au bado vinagombana? Na dawa ya presha unakunywa kila siku, au unaikumbuka kichwa kikishaanza kugonga? Sisi huku wazima, ila mimi naandika nikiwa chali hospitalini, karatasi juu ya trei ya chakula, ndiyo maana mwandiko umepinda. Mjukuu wangu Lailah ataipiga picha barua hii akutumie kwa simu. Anasema barua za posta ni za watu wenye subira, na mimi leo sina.

Usishtuke. Jana asubuhi nilikuwa barazani nafundisha watoto wa madrasa, kuku wa jirani akaingia, akapita katikati ya viatu, akaanza kumdonoa mtoto mmoja kidole cha mguu. Darasa lote likawa kicheko. Nikasema namfukuza mwenyewe. Nikampungia kanga, akageuka, na mimi nikageuka, mguu mmoja ukaja na mwingine ukabaki. Nikaangukia ubavu kwenye saruji. Kuku akaenda zake mzima.

Nilipotazama, mguu wa kulia umekuwa mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje, kama mtu aliyenuna. Maumivu siwezi kuyaandika. Mwanangu Rayyan alifunga duka lake la Kamwokya akaja mbio, wakanileta hapa, nikapigwa eksirei.

Daktari anaitwa Oyat, mtu wa Gulu. Kiswahili alikipata kambini, baba yake alikuwa askari. Akaniambia, "Mama, mimi nasema ukweli. Hii mfupa imevunjika mbaya, hapa juu kwa nyonga. Iko pande nne na haitulii. Lazima tupasue, tuweke chuma ndani."

Nikamwambia, "Mfupa huu, daktari. Umevunjika."

"Ndiyo, mama," akasema. "Hii mfupa."

Sasa Rayyan hataki kabisa. Anasema mtu wa umri wangu akilazwa kwenye meza ya kupasulia haamki. Kapata habari za mzee mmoja nje ya mji anayeunga mifupa kwa mikono na vipande vya mianzi, na kesho analeta gari anitoe. Na mimi, sikufichi, naegemea upande wake. Nimefika miaka sabini na sita bila kisu kunigusa. Kila nikifumba macho naiona ile meza.

Niambie unaonaje, kabla gari halijafika.

Wifi yako,
Umulkheir


Mombasa
13 Mei 2025

Wifi yangu Umulkheir,

Waalaykum salaam. Mimi mzima, goti zima, presha ilikuwa nzima mpaka nilipopata barua yako. Pole sana, mama. Pole tena. Nachapa kwa kidole kimoja, kwa hiyo nivumilie nikikosea, wala usinisahihishe kama ulivyomfanya daktari wa watu.

Hilo gari lisikuondoe hapo.

Sikiliza. Kaka yako Wasim alipoanguka, wewe ulikuwa huko, mimi nilikuwa hapa. Sote tulikubaliana kwamba mzee hapasuliwi. Tukamlaza, tukamkingia mguu kwa mifuko ya mchanga, tukamwambia usijitikise, utaunga. Mguu haukumuua, Umulkheir. Kilichomuua ni kitanda. Kwanza mgongo ukachubuka, nikawa namgeuza nikilia. Kisha kifua kikajaa, akawa anataka kukohoa na nguvu za kukohoa hana. Mwisho wake unaujua, ulikuja kumzika.

Leo nilivaa buibui nikaenda kwa daktari wa mifupa anayenitazamia goti, nikamwonyesha ile eksirei aliyonitumia Lailah. Akaniuliza, "Huyu ni nani kwako?" Nikamwambia ni wifi yangu wa pekee, sina spea. Akaniambia kuna mfupa unaovunjika lakini vipande vinakaa mahali pake, na kuna unaovunjika kama wako. Misuli ya paja ni mikubwa, inavuta kipande hiki huku na kile kule, kwa hiyo hata ukifungwa mianzi ya dunia nzima vitaendelea kuteleza. Chuma ndicho kitakachovishika mpaka viungane. Na akasema bora mapema, siku mbili tatu hizi, kabla kitanda hakijaanza kazi yake.

Kuhusu kutoamka, nilimuuliza. Anasema wazee wengi hawalazwi usingizi kabisa. Wanachomwa sindano ya mgongo, chini kunakufa ganzi na juu unabaki na akili zako. Hatari ipo, hakunificha, moyo na mapafu lazima wavipime. Lakini kulala bila kupasuliwa nako ni hatari, tena mimi nimeiona kwa macho yangu.

Mwambie Rayyan nampenda. Na mwambie mke wa mjomba wake amekataa.

Wifi yako,
Zuleika


Hospitalini, Kampala
14 Mei 2025

Wifi,

Salaam. Umeamkaje? Mimi nimeamka na uamuzi.

Rayyan alikuja na gari, na shuka za kunibebea, na wanaume wawili wa kuninyanyua. Nikamwomba Lailah asome barua yako kwa sauti. Alipofika pale pa kaka Wasim na kukohoa, Rayyan akatazama sakafu. Alimpenda sana mjomba wake.

Akasema, "Mama, nikikupoteza pale mezani nitajisamehe vipi?"

Nikamwambia, "Hutakuwa na la kujisamehe. Mguu ni wangu. Nimeamua mimi, mbele ya watu hawa, na huyu mama wa kitanda cha pili ni shahidi."

Huyo mama anaitwa Mbambu, Mkongomani wa Butembo, anauza vitenge na samaki wakavu kule Namuwongo. Naye alivunjika nyonga, ila yeye mfupa ulikatika shingoni, wakakitoa kile kichwa chake wakamwekea kingine cha chuma. Akatoa kijiko mdomoni akamwambia Rayyan, "Mwanangu, mimi balinipasula juzi. Angalia, niko nakula."

Rayyan akacheka bila kutaka. Wale wanaume wawili wakaondoka na gari. Yeye akabaki, akauliza wapi pa kutoa damu, kwa sababu Dakta Oyat alisema nitahitaji. Amerudi na pamba mkononi na soda, kajilaza kwenye kiti changu kama aliyejifungua.

Moyo wamepima, presha ilipanda wameishusha. Kesho asubuhi naingia. Nisomee Yaasin, wifi. Naogopa kidogo, lakini ni woga wa mtu aliyekwisha panda basi.

Wifi yako,
Umulkheir


Mombasa
16 Mei 2025

Umulkheir,

Salaam. Jana Lailah aliniandikia "Bibi ametoka salama," maneno matatu, basi. Hivyo ndivyo vijana wanavyotoa habari? Umetoka vipi, umesema nini, umekula nini? Niliposoma nilikaa kwenye ngazi nikashindwa kupanda wala kushuka. Jirani alidhani goti.

Ukipata nguvu ya kushika kalamu, niandikie hata mstari.

Wifi yako anayesubiri,
Zuleika


Hospitalini, Kampala
17 Mei 2025

Wifi yangu,

Assalaam alaykum. Niko hai, na mguu uko sawasawa na mwenzake. Nilifunuliwa shuka nikavitazama vidole, vyote kumi vinaangalia juu kama wanafunzi wenye adabu.

Ngoja nikueleze. Walinichoma sindano mgongoni nikiwa nimekaa nimejikunja, nesi amenishika mabega. Kabla sijamaliza Ayatul Kursiy miguu ilikuwa imeniaga. Wakatundika shuka katikati, mimi huku, nyonga yangu kule. Niliona tu kofia ya Dakta Oyat ikipanda na kushuka.

Kisha nikasikia nyundo. Wallahi, wifi, nyundo! Ko, ko, ko, kama mafundi wa paa. Nikauliza, "Jamani, mnajenga?"

Dakta Oyat akasema, "Mama, hiyo ni msumari inaingia."

Nikamwambia, "Msumari unaingia."

Halafu nyuma ya shuka nikasikia, "Msumari u-na-ingia, mama," na nyundo ikafuata, ko. Chumba kizima kikacheka, hata yule wa ganzi aliyekuwa amenuna tangu asubuhi. Nilimwambia daktari sasa amefaulu.

Wamenionyesha eksirei mpya. Chuma kirefu kimepita ndani ya mfupa wa paja, kutoka juu kwenda chini, na skrubu moja nene imekwenda mshazari mpaka ndani ya kichwa cha nyonga. Vile vipande vinne vimekusanyika pembeni yake. Mbambu alipoiona akasema yeye kapewa nyonga mpya na mimi nimetiwa kiraka. Nikamjibu changu ni cha asili, kimekazwa tu.

Jirani mwenye kuku alikuja kunitazama akilia. Nikafungua chombo alicholeta: mchuzi. Nikamuuliza, "Ni yeye?" Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mgumu hata sufuriani.

Hayo ndiyo mazuri. Sasa baya. Jana alikuja kijana wa mazoezi, Olal, mrefu kama mlingoti, akasema leo tunasimama. Siku moja tu baada ya nyundo! Wakanishika, nikashika ile fremu ya chuma yenye miguu minne, nikasimama. Dunia ikazunguka, nyonga ikawaka moto, nikahisi ninaanguka upya kwenye saruji ile ile. Nilipiga ukelele uliosikika mpaka uani. Leo amekuja tena nikamwambia nasikia usingizi. Nimekubali kupasuliwa, hilo la kusimama lingoje. Wacha kwanza nipone.

Wifi yako,
Umulkheir


Mombasa
22 Mei 2025

Umulkheir,

Salaam zangu unazijua. Najua u mzima kwa sababu Lailah kaniambia. Amenieleza pia kwamba Olal akiingia mlangoni unafumba macho, na Dakta Oyat akija unajifanya unasali, na kwamba barua zangu mbili umeziweka chini ya mto hujajibu.

Nataka nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku za mwisho, Wasim aliniomba nimkalishe aone barabara. Hivyo tu. Kumkalisha. Nami nikamwambia tulia, mume wangu, ukijitikisa hutaunga. Tulidhani kutulia ndiko kupona. Hapakuwa na mtu wa kutuambia vingine, na sisi hatukumuuliza mtu.

Wewe leo unaye anayekuja kila asubuhi kukuomba usimame. Chuma kimeshawekwa, tena kimewekwa kwa sababu hiyo, ili kikubebe wakati mfupa unajiunga. Unasema wacha nipone kwanza nisimame. Wifi yangu, ni kwa kusimama ndipo utakapopona. Daktari wangu wa goti kanieleza hivyo mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya juu.

Sikugombezi. Nakuomba. Simama mara moja, kwa ajili yangu. Ukishindwa, kaa, nitaridhika.

Wifi yako,
Zuleika


Hospitalini, Kampala
25 Mei 2025

Wifi yangu Zuleika,

Assalaam alaykum. Umelalaje? Mimi nimelala kama mtu aliyelima, na utasikia sababu.

Barua yako aliisoma Lailah, na wodi hii haina siri. Alipomaliza, Mbambu akashuka kitandani, akashika fremu yake, akatoka taratibu kwenda msalani, peke yake. Akarudi ananukia sabuni, uso umeng'aa, kitenge kipya kiunoni.

Wifi, unajua mimi na twahara. Tangu nianguke nimekuwa mtu wa kuwekewa chombo kitandani na kufunikwa shuka, na kutayamamu kwenye ukuta wa wodi, na kila mara nafumba macho kwa aibu. Nilipomwona yule mama anapita na harufu ya sabuni, nilisikia wivu ambao sijausikia tangu nikiwa msichana.

Olal alipokuja asubuhi sikufumba macho. Nikamwambia, "Kusimama tu kwa ajili ya kusimama, sitaki. Nipeleke bafuni."

Akasema, "Mama, bafuni ni mbali kwa leo. Tuanze na kiti."

Nikamwambia, "Basi kiti kiwekwe njiani."

Akanipa dawa ya maumivu kwanza, tukasubiri ishike, jambo ambalo mara ile sikulingoja vizuri kwa ubishi wangu. Kisha msafara ukaondoka. Mbele Mbambu na fremu yake akiimba wimbo wa kwaya ya kanisani kwao, katikati mimi na yangu, nyuma Olal amenishika mkanda kiunoni, na Lailah anakokota kiti. Fremu mbele, mguu mbaya, mguu mzuri. Fremu mbele, mguu mbaya, mguu mzuri. Nilikaa njiani, nikapumua, nikatukana kidogo kwa Kiganda ili Mungu asichukulie kwa uzito, nikasimama tena.

Nilitia udhu kwa maji, wifi. Kwa maji yanayotiririka. Nililia pale kwenye sinki mpaka nesi akaja kuuliza nimeumia wapi.

Nilipokuwa narudi nilimfikiria kaka yangu na barabara yake. Usijilaumu hata siku moja. Uliyoyafanya ulifanya kwa mapenzi na kwa ulichokijua. Kama lilikuwa deni, umeshalilipa kwangu.

Dakta Oyat kasema nikiendelea hivi, kabla ya Idi niko nyumbani. Alisema, "Mguu yako inaendelea vizuri." Nimemwacha tu. Alikuwa na furaha.

Wifi yako,
Umulkheir


Kyebando, Kampala
9 Julai 2025

Wifi yangu,

Salaam na heri ya Idi iliyopita. Hujambo? Lailah anasema simu yako imezidi kuwa kimya. Goti?

Mimi nimerudi kwangu. Rayyan amegeuka fundi. Ametoa mazulia yote madogo niliyokuwa najikwaa, amefunga vyuma vya kushikilia bafuni, ameinua kitanda kwa matofali ili nisihangaike kuinuka. Mzee wake wa mianzi hamtaji tena. Siku hizi akisikia mtu kaanguka popote, yeye ndiye wa kwanza kusema, "Eksirei! Msimkande, msimvute, eksirei!"

Madrasa nimeifungua. Nafundisha nikiwa nimekaa, na watoto wamegundua kwamba siwafikii kwa mkono, kwa hiyo adabu imepungua. Mbambu huja Jumapili akitoka kanisani, ananiletea samaki, tunalinganisha miguu. Anadai nyonga yake inamtabiria mvua. Namwambia yangu inatabiri tu saa ya chakula.

Kliniki waliniangalia, mfupa umeanza kujiunga vizuri. Dakta Oyat akachukua fremu, akanipa fimbo, akasema nitembee mwenyewe ndani ya nyumba. Hapo ndipo penye neno. Natembea, lakini lazima Lailah awe nyuma yangu mkono mgongoni. Wala hanishiki, ananigusa tu. Akiondoa mkono, nasimama kama ukuta. Miguu inaweza, wifi. Moyo ndio bado uko kwenye saruji. Kila mtu akibisha hodi nabaki kitini natuma mtu, mimi niliyekuwa napokea wageni mpaka barabarani. Olal anasema ni kawaida kwa walioanguka, kwamba woga nao ni kidonda, unapona kwa kutumiwa. Lailah anarudi chuo kikuu mwishoni mwa mwezi wa nane. Sijui itakuwaje.

Niandikie.

Wifi yako,
Umulkheir


Kyebando, Kampala
14 Agosti 2025

Zuleika,

Assalaam alaykum. Barua moja nimeandika, jibu sijaona. Ujumbe wa Lailah unajibiwa "tuko salama" na ua la waridi. Maneno mawili na ua! Na wewe ndiye uliyemsema mjukuu wangu kwa maneno matatu. Kama unaumwa, sema. Kama nimekuudhi, sema pia, nikuombe radhi. Usininyamazie, sijazoea.

Wifi yako,
Umulkheir


Kyebando, nje ya mlango wako
23 Agosti 2025

Wifi yangu Umulkheir,

Assalaam alaykum. Umeamkaje? Siumwi, hujaniudhi, na ile ndiyo mara yangu ya mwisho kutuma ua, vidole viliteleza.

Nilinyamaza kwa sababu sijui kusema uongo kwa maandishi. Nilikuwa nafungasha. Binti yangu Firdaus na mumewe wamehamia kwangu Mombasa na watoto wao, wamezichukua ngazi na kila kitu, Mungu awape magoti. Mimi nilibaki na chumba kimoja na picha ya Wasim ukutani, nikajiuliza namkorogea nani chai asubuhi. Basi nikapanda basi. Nimekaa safarini mpaka miguu ikavimba kama mikate, nikavuka mpaka wa Uganda asubuhi na mapema, na sasa nimekalia sanduku langu hapa barazani kwako, kwenye hii saruji yenye sifa mbaya. Kwangu imekuwa ya baridi tu.

Usiniulize nimekuja kwa siku ngapi. Masanduku ni mawili.

Lailah keshaniona dirishani, nimemwekea kidole mdomoni. Ujumbe huu nimemtumia yeye akusomee kwa sauti, kisha akae pale pale alipo, mikono yake miwili mapajani.

Nitabisha hodi sasa. Usimtume Lailah, usimwite Rayyan. Nifungulie wewe. Mimi sina haraka, nina maji na kashata za njiani, naweza kukaa hapa mpaka adhuhuri.

Wifi yako,
Zuleika


Nakusikia. Fimbo, mguu mbaya, mguu mzuri. Polepole, wifi. Niko hapa hapa.